Mtoto Asiye na Barua: Historia ya Mlango wa Shule Mpakani Busia na Tororo

Kamati imeniomba niandike habari za elimu ya watoto wakimbizi katika toleo hili la ukumbusho. Nimeona ni vyema niache habari za madawati na mabati, ambazo wengine watazieleza, niandike juu ya jambo moja tu: mtoto asiye na mzazi wala nyumba, anayefika mlangoni mwa shule mikono mitupu. Huyo anapokelewa kwa haki gani? Na haki hiyo ilitoka wapi?

Jambo hili nalijua kwa kusoma, na nalijua pia kwa kuwa nilikuwa mtoto huyo.

Mpaka uliowakuta watu

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mpaka wa Busia na Malaba ni mgeni kuliko watu wake. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya, kutoka hapa hadi karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliikata sehemu hiyo wakaitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wasamia wakajikuta pande mbili, na Wateso vilevile. Mtu aliweza kulala kwa mjomba wake Uganda na kurudi kulima Kenya. Hata jina la bodaboda, ambalo leo linasikika kote Afrika Mashariki, lilizaliwa hapahapa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria kutoka mpaka huu hadi ule.

Kwa hiyo mtoto kuvuka mpaka na kulelewa na jamaa upande wa pili si jambo jipya katika sehemu hizi. Bulumbi, Masafu, Busitema na kwingineko, watu wamelea wana wa ndugu zao miaka mingi bila kuandikiana hati. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lililokuja kuwa jipya ni shule, na shule ina rejista. Rejista huuliza maswali ambayo mama mlezi hakuyauliza: jina la baba, mahali pa kuzaliwa, shule uliyotoka.

Wakimbizi wa zamani

Wengi wetu hudhani kwamba ukimbizi katika nchi hizi ulianza na vita vya Waafrika. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, maelfu ya Wapolandi waliletwa Afrika Mashariki kwa njia ya Irani. Uganda waliwekwa Koja, kando ya Ziwa Viktoria, na Nyabyeya karibu na Masindi. Tanganyika waliwekwa Tengeru, karibu na Arusha, kambi iliyofikia watu kama 5,000. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto, na miongoni mwa watoto hao wako waliokuwa yatima kabisa. Walijengewa shule kambini, walimu wakapatikana miongoni mwao, na yatima wakawekewa nyumba ya malezi. Mwaka 1949 kundi la yatima wa Tengeru lilipelekwa Kanada.

Nayataja haya kwa sababu moja. Yanaonyesha kwamba tangu zamani ilijulikana kuwa mtoto mkimbizi asiye na wazazi anahitaji mambo mawili kwa pamoja, mlezi na darasa. Ukimpa mlezi bila darasa umemtunza mwili tu, na darasa bila mlezi mtoto hatadumu nalo.

Baadaye wakaja wengine. Wasudani wa kusini walianza kuingia Uganda baada ya maasi ya Torit ya mwaka 1955, na Wanyarwanda wakafuata mwaka 1959. Sheria ya Uganda ya mwaka 1960 iliyohusu wakimbizi ilikuwa sheria ya kuwadhibiti, kama jina lake lenyewe lilivyosema. Ilieleza zaidi mahali pa kukaa mkimbizi kuliko shule ya mtoto wake.

Kisha gurudumu likageuka. Chini ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, Waganda wenyewe wakawa wakimbizi. Baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum mwezi Februari 1977 wengi zaidi walikimbia, na njia ya wengi ilikuwa hii ya Busia na Malaba. Miongoni mwao walikuwamo walimu wengi, na Kenya iliyokuwa na upungufu wa walimu iliwaajiri katika shule zake za sekondari. Watoto wao waliketi madarasani pamoja na watoto wa Kenya. Jambo hilo naomba mlihifadhi, kwa maana nitalirudia.

Haki ilivyoandikwa

Sasa tuje kwenye maandishi, ili yeyote atakayewaambia kwamba shule ni hisani, mjue la kumjibu.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 22, unasema kwamba nchi itawatendea wakimbizi katika elimu ya msingi sawasawa na inavyowatendea wananchi wake. Kifungu hichohicho kinagusa pia kutambuliwa kwa vyeti vya shule za kigeni. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1966, na Uganda mwaka 1976.

Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na Kenya na Uganda zote ziliuridhia mwaka 1990. Humo kifungu cha 20 kinamlinda mtoto aliyekosa familia, na kinataja malezi ya kambo pamoja na kafala ya Kiislamu. Kifungu cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi, awe na wazazi au awe peke yake. Kifungu cha 28 kinataka elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure kwa wote. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ulioanza kutumika 1999, unasema hayohayo kwa sauti ya bara letu.

Katika Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba watu wote wana haki ya elimu. Angalieni neno hilo: watu wote. Haikusema raia wote. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliyochukua nafasi ya ile ya 1960 ikakaza fundo: katika elimu ya msingi mkimbizi hupewa sawa na mwananchi. Upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Pamoja na maandishi hayo, ada zilikuwa bado zikiwafungia watoto nje. Uganda iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 1997 kwa mpango wa UPE, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Kenya ilifanya hivyo Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka. Lakini tazameni jinsi jambo jema linavyoweza kumwacha mtu nyuma. Hapo mwanzo UPE ilihesabu watoto wanne kwa kila familia. Mwenye nyumba aliyekuwa na wanawe wanne na kumpokea mtoto wa nduguye aliyekufa, alimwandikisha nani amwache nani? Mpaka huo wa wanne uliondolewa baadaye, lakini unatufundisha kwamba sheria ikihesabu familia, mtoto asiye na familia huponyoka katika hesabu.

Januari 2008

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 walifukuzwa makwao. Kiasi cha watu 12,000 walivuka kuingia Uganda, wengi kwa Busia na Malaba. Serikali ya Uganda, UNHCR na Msalaba Mwekundu waliwapokea. Baadhi yao walilazwa katika majengo ya shule karibu na mpaka, kwa kuwa wanafunzi walikuwa likizoni. Muhula ulipokaribia ilibidi madarasa yaachwe wazi, na wakimbizi wakahamishiwa Mulanda, wilayani Tororo. Mwaka huohuo wale waliokuwa bado hawajarudi Kenya walipelekwa Kiryandongo.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka 13. Nilikuwa nimelelewa na shangazi karibu na Eldoret, na nilikuwa ndiyo kwanza niingie darasa la nane. Usiku tuliokimbia, shangazi alirudi kumtafuta mwanawe, akaniambia nifuatane na majirani. Majirani walinifikisha Busia. Pale kwenye msongamano wa mpakani tulipotezana.

Mzee mmoja wa Bulumbi aliyekuja mjini kuuza mihogo alinikuta nimekaa juu ya mfuko wangu karibu na stendi. Aliniuliza kwa Kiswahili kizuri, "Mjukuu wangu, umekula?" Nikamjibu, "Shikamoo babu. Bado." Hakuniuliza kabila. Alinipeleka kwanza kwa watu wa Msalaba Mwekundu nikaandikwa jina, kisha akaomba anitunze nyumbani kwake mpaka jamaa zangu wapatikane. Hivyo ndivyo nilivyofika Bulumbi, nikala posho na maharagwe pamoja na wajukuu zake sita.

Shule zilipofunguliwa alinipeleka ile iliyokuwa karibu. Mwalimu mkuu aliniuliza barua ya uhamisho. Sikuwa nayo, shule yangu niliiacha ikiwa imefungwa na mji unafuka moshi. Akauliza cheti cha kuzaliwa. Sikuwa nacho. Akauliza sahihi ya mzazi. Nikanyamaza. Akasema, "Basi mrudishe, mzee, mpaka karatasi zipatikane." Nilikaa nyumbani majuma matatu nikichunga mbuzi, na kila asubuhi niliwatazama wale wajukuu sita wakienda shule na sare zao.

Sipendi kumlaumu mwalimu yule. Sasa na mimi ni mwalimu, na najua maana ya darasa moja lenye watoto mia. Aliogopa mkaguzi, aliogopa na wazazi watakaosema nafasi za watoto wao zimechukuliwa na wageni. Lakini majuma matatu kwa mtoto aliyepoteza kila kitu si majuma matatu ya kalenda. Nilianza kuamini kwamba shule haikuwa ya watu kama mimi.

Juma la nne mzee alivaa koti lake, akaenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC wa kijiji akaandikiwa barua, kisha akanishika mkono tukaenda tena. Alimwambia mwalimu mkuu maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Mwalimu, mimi nilikuwa mwalimu kama wewe. Mwaka 1977 nilivuka mpaka huu usiku na mke wangu na mtoto wa miaka saba. Kule Kenya mtoto wangu aliingia darasani Jumatatu. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Leo mtoto wao amekuja kwangu. Unataka nimwambie nini?"

Mwalimu mkuu alikaa kimya kitambo, kisha akafungua rejista na kuniandika darasa la sita. Aliandika jina langu kwa penseli. Majina ya wengine wote yalikuwa kwa wino.

Yaliyofuata baada ya kuandikwa

Wako wanaofikiri kwamba mtoto akishaandikwa kazi imekwisha. La. Kenya wakati ule msingi ulikuwa wa madarasa manane na Uganda saba, kwa hiyo mitaala haikulingana. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na uwanjani watoto walisema Kisamia, nami nilikuwa na Kiswahili changu tu. UPE ilikuwa ya bure, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana havikuwa vya bure. Mzee aliuza jogoo ili nipate shati.

Nilifanya mtihani wa kumaliza msingi mwaka 2009. Shangazi alipatikana baadaye kwa njia ya barua za Msalaba Mwekundu, na nilipokwenda kuungana naye kambini nilikuwa tayari nina kitu mkononi. Nilisoma sekondari, nikaenda chuo cha ualimu miaka miwili, nikatoka na cheti. Si mimi peke yangu niliyeshikilia kitabu mwaka ule. Wasomaji watamkumbuka Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Ghasia za 2008 zilimtoa nyumbani kwake akawa anaishi kambini kwenye hema, na bado aliendelea kwenda shule. Alifariki mwaka 2009. Mzee yule mkongojo mkononi alituaibisha sisi vijana tuliotaka kukata tamaa.

Mafunzo kutoka kwa wengine

Mwaka 1987 maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudani walitembea hadi Ethiopia bila wazazi. Mwaka 1991 utawala wa Mengistu ulipoanguka walifukuzwa tena, na mwaka 1992 wakafika Kakuma. Kule walikaa makundi makundi, wengine wakalelewa na familia za watu wao, na shule zikawa ndilo jambo lililowashikilia pamoja. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watoto waliotengana na jamaa zao Goma na Ngara walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mashirika yaliyokuwa yakijenga vituo vya yatima yalikuja kuona kwamba mtoto hukua vizuri zaidi katika nyumba ya jirani anayefuatiliwa kuliko katika kituo kikubwa. Tena Ngara walimu wakimbizi walianza kufundisha kwa vifaa vilivyofungwa katika sanduku moja, chini ya miti, bila kungoja majengo.

Kama wavulana 3,800 wa Kakuma walipelekwa Marekani hasa mwaka 2000 na 2001, na wale waliokuwa chini ya miaka 18 waliwekwa katika familia za malezi. Nchi ile ina sheria iliyoanza mwaka 1987, inayoitwa McKinney-Vento. Inasema kwamba mtoto asiye na makazi aandikishwe shuleni mara moja hata kama hana karatasi. Karatasi zitatafutwa naye akiwa darasani. Tena kila wilaya ya shule iwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtoto wa namna hiyo anaingia. Mwaka 2015 walipitisha sheria nyingine kuwasaidia watoto wa malezi wabaki katika shule zao wanapohamishwa nyumba.

Marekani ni nchi tajiri, na hata huko watoto hao wako wanaohangaika. Lakini mambo haya mawili, yaani kuandikisha kwanza na kumteua mtu mmoja wa kuulizwa, hayahitaji utajiri.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu zangu, siandiki haya ili tujisifu kwamba tumetoka mbali. Muhula huu, nilipozunguka katika mtaa wetu, nilikuta watoto wanne walio nyumbani. Mmoja walezi wake wanangoja jina lake lihamishiwe kwenye kadi yao ya chakula. Wawili ni ndugu, waliambiwa walete barua kutoka shule ambayo haipo tena. Wa nne ni binti wa miaka 12, na ukweli ni kwamba mlezi wake anamtaka abaki kulea mtoto mchanga. Huyu wa nne anatukumbusha kwamba si kila anayemchukua mtoto wa mwenzake anamchukua kwa mapenzi. Malezi yasiyotazamwa na jamii yanaweza kugeuka kuwa utumishi wa bure.

Kwa hiyo naiomba kamati mambo matatu. La kwanza, tuchague mtu mmoja katika kila mtaa, mama au baba anayeaminika, ambaye atajua kila mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake, na atakwenda naye shuleni siku ya kwanza. La pili, barua ya kamati yenye jina la mtoto, umri na jina la mlezi, itolewe siku ileile inapoombwa, bila malipo. Mimi nilifunguliwa mlango kwa barua kama hiyo ya LC. La tatu, mtu huyo awatembelee watoto hao walau mara moja kwa muhula, aone kama wanakwenda darasani na kama wanakula.

Kwa watumishi wa mashirika nasema hivi: mnaposaidia shule, isaidieni shule yote. Tangu mwaka 2018 Uganda ina mpango wa elimu unaowatazama wakimbizi na wenyeji pamoja, na huo ni mwendo mzuri. Mtoto mwenyeji akiona mgeni amepewa daftari naye amekosa, mlango tulioufungua kwa sheria utafungwa kwa kinyongo. Kwa walimu wenzangu, na kwa wakuu wa shule, nasema kwamba mtoto akifika bila karatasi, aandikwe kwanza. Anayekosa cheti leo anaweza kukipata mwezi ujao. Anayekosa muhula haupati tena.

Mzee wangu wa Bulumbi alifariki mwaka 2015, nami nilikuwa chuoni. Nilikwenda kumzika. Baada ya mazishi nilipita ile shule, nikaomba kuona rejista ya mwaka 2008. Mwalimu aliyekuwapo alinitafutia. Jina langu lilikuwa limepitiwa juu kwa wino, sijui na nani wala lini, na mahali pa mzazi palikuwa pameandikwa jina la mzee.

Mungu atulindie watoto wetu, waliozaliwa kwetu na walioletwa kwetu.